Spika ya Mita Kumi

Kitale, kwa Nekesa
Jumatatu

Kwako Nasimiyu, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Mulembe. Kaa chini kwanza, utafute miwani yako, usome hii mwenyewe. Usimpe mtu akusomee. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua, lakini hilo lilianza huko nyumbani, kwa hivyo usianze kusema baridi ya Kitale imenimaliza. Wewe je? Kile kikohozi kiliisha, ama bado unakunywanga dawa nusu halafu unaachia kwa dirisha? Na ng'ombe yangu umempa chumvi? Najua hujampa. Mpe.

Naandika kwa mkono wangu. Anayetaka kucheka mwandiko wa darasa la nne acheke. Simu sitaki. Wewe simu yako unaiwekanga sauti ya nje, na kila mtu amekuja kuomba moto anasikia mambo yangu.

Najua neno unalongojea. Uliuliza yule mwalimu mgeni anayetafuta nyumba ya kupanga aingie kwa nyumba yangu, ama nyumba ingoje mimi nirudi. Nitakujibu, usiruke mistari. Kwanza kuna aibu lazima niitoe.

Ile habari ya kozi si kweli. Nilikuambia Nekesa amerudi kusoma. Kila Jumamosi asubuhi anavaa viatu safi, anatia mkoba mrefu kwa gari, ananiambia, "Mama, naenda kozi." Sasa mimi ningejua nini? Kozi ninayojua ni ya ualimu, ya uuguzi, ile ya kutoka na karatasi. Nikajivuna. Nikakuambia, na wewe mdomo wako ukaipeleka kanisani, na akina mama wote wa Kanduyi wakasimama wakamwombea apite mtihani. Ati mpaka mke wa pasta akatoa machozi.

Wiki iliyopita tukiwa mezani nikamuuliza, "Hiyo kozi inaisha lini, nishone gauni ya kuja kukuona ukivalishwa kofia?"

Nekesa aliweka kijiko chini. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, si kozi ya shule. Ni kiwanja cha gofu. Sisi tunakiitanga kozi."

"Gofu ni nini?"

"Ni mchezo. Unapiga mpira mdogo na fimbo mpaka uingie kwa shimo."

"Halafu?"

"Halafu unautoa, unaenda kwa shimo lingine."

"Mashimo ni mangapi?"

"Kumi na nane."

"Mashimo kumi na nane, na hampandi kitu?"

Basi, Nasimiyu, Jumapili simama useme maombi yalikosa njia. Mungu atajua mwanafunzi wa kumpa. Na useme ni wewe ulisikia vibaya. Mimi ni mkubwa wako.

Nyumba hii ni nzuri, sikatai. Iko na vigae, maji moto inatoka kwa ukuta. Lakini wale wajukuu niliambiwa nakuja kukaa nao, wote wawili wako shule ya bweni. Bwana ya Nekesa kazi yake iko Lodwar, anakuja kama mgeni. Nekesa mwenyewe anaenda kwa kampuni ya mbegu jua halijatoka, anarudi limeshaingia. Katikati hapo ni mimi na friji. Inaunguruma, halafu inanyamaza, na ikinyamaza nashtuka kama mtu ametoka bila kuniaga. Majirani ni kuta. Huyu mwanamke wa upande wa chini nimemwona mara mbili, na mara zote mbili alikuwa ndani ya gari, kioo kimepandishwa.

Saa kumi na mbili jioni ndiyo mbaya. Unajua kwa nini. Tangu tuolewe kwa hizo boma mbili zinazoangaliana, kijito katikati, saa hiyo wewe unatoka kwa mlango wa jikoni unaita, "Wee Nafula, umepika?" Na mimi kwa mlango wangu, "Nimepika! Na wewe?" Hata ile miaka ya njaa, sufuria iko chini imefunikwa haina kitu, tulijibizana tumepika. Siku tulimzika bwana yangu uliita, na mimi nikajibu.

Hapa saa hiyo ikifika nasimama kwa mlango wa jikoni, na mlango wenyewe unaangalia ukuta. Siku moja nilisema, "Nimepika." Hakuna mtu alikuwa ameuliza.

Sasa Ijumaa Nekesa akarudi mapema. "Mama, vaa viatu twende mjini. Nataka unisaidie kuchagua spika ndogo ya kubeba kozi."

"Spika na waya mrefu hivyo utaburuta wapi?"

"Haina waya. Inaitwa bluetooth. Inashika simu kwa hewa tu."

Nasimiyu, hapo nikakuwaza wewe. Njia yote nilikuwa napanga. Kitu hakina waya, basi nini kitakifunga kisifike Kanduyi? Nikasema ndani yangu, jioni moja nitaomba Nekesa aniwekee mdomo hapo, na mdogo wangu ataanguka na mwiko wake.

Dukani tulipata mwanamke mnene, mcheshi, nywele imeanza mvi kama yangu. Akatuwekea tatu juu ya meza. Ya kwanza kubwa kama debe, iko na taa za kuzunguka. Alipoifungua hata soksi zangu zilitetemeka.

"Chukua hii," nikamwambia Nekesa. "Hii hata matanga inatosha."

"Mama! Kule mtu akitaka kupiga mpira, wote wananyamaza. Hata kukohoa ni makosa. Nikiingia na hiyo watanifukuza."

"Mchezo gani unachezwa kimya kama watu wanaiba kuku?"

Ya pili ilikuwa ya mviringo, kama kikombe cha bati. Nekesa akaipunguza sauti chini kabisa, na ikaanza kunung'unika kama uji inachemka. Hakuna neno ungeshika. Akaiweka kando. Ya tatu ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, iko na kulabu ya kuning'inia kwa mkoba. Mimi nikaishika vile ninashikanga kuku sokoni, nikaipima uzito, nikaitikisa.

"Mvua ikiipata?" nikauliza, kwa sababu mvua ya Kitale haibishi hodi.

Yule mama akaichukua, akaitumbukiza kwa beseni ya maji, na ikaendelea kuongea humo ndani kama mtoto anaoga. Akasema ukiichaji asubuhi inafika jioni bado iko macho.

Lakini kuna kitu niliona. Mtu anayenunua spika anajaribu na muziki. Nekesa hakuweka wimbo hata mmoja. Alijaribu zote tatu na watu wanaongea. Aliinamisha sikio akasikiliza kama wanasema kitu kumhusu. Nikaona, nikaweka moyoni.

Kisha nikauliza langu. "Na hii, ikishika hewa, inafika wapi?"

"Ah, hii inafika mbari sana, Mama," yule mama wa duka akasema na majivuno. "Mita kumi!"

Kwa huo ulimi nikajua ni wetu. "Wewe ni wa wapi?"

"Misikhu, Mama."

"Nilisema. Sasa wewe msichana wa Misikhu, mita kumi unaita mbali? Mita kumi ni kutoka jikoni mpaka chooni! Mimi na hii koo ya miaka sabini navusha sauti kijito na upepo unanirudisha!"

Walicheka, yeye na Nekesa, mpaka wateja wakageuka. Mimi sikucheka. Nilitafuta stuli nikakaa, nikaangalia viatu vyangu. Nekesa alifikiri ni goti.

Walichukua ile ya sabuni.

Jumamosi nikasema leo na mimi naenda kozi. Nasimiyu, ungeona hiyo nyasi. Kijani, laini, imekatwa kama kichwa cha mtoto siku ya kwanza ya shule, inapanda na kushuka mpaka macho inachoka, na hakuna ng'ombe hata mmoja juu yake. Niliuliza ni nani amekufa wakauza ng'ombe.

Watu walikuwa wanatembea wanne wanne, wanapigana mabega, wanachekana. Nekesa alikuwa peke yake. Alivuta kile kitoroli cha mkoba, spika imening'inia pembeni, sauti chini kabisa. Nikasogea nisikie. Ilikuwa ile redio ya kwetu, wazee wawili wanabishana kwa Kibukusu kama ugali wa wimbi ni chakula ama ni dawa.

"Wenzako wako wapi?"

"Nilikuwa natembea na mwenzangu mmoja wa ofisini. Alihamishwa Nakuru. Hawa wengine wako na vikundi vyao."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla uje, Mama."

Hapo ndipo nikaelewa ile ya dukani. Na wewe unanijua, huruma yangu inatokanga ikiwa hasira.

"Wewe ni mjinga!" nikamwambia. "Unanunua watu wa redio unawaning'iniza kwa mkoba, na nyumbani umeacha mama yako mzima anaongea na friji!"

Nilisema kwa sauti ya kwetu. Mzee mmoja wa kofia nyeupe alikuwa ameinua fimbo huko ng'ambo, akakosa mpira, akachimba udongo. Akanikazia macho. Nikamwambia, "Pole, baba. Mpira hauna miguu, uko hapo hapo. Piga tena."

Nekesa hakucheka. Alichukua kitambaa akapangusa fimbo yake. Akaipangusa tena, na ilikuwa safi. Halafu bila kuniangalia akasema, "Kila jioni nikiingia nakukuta umesimama kwa mlango wa jikoni. Nilijua unataka kurudi. Niliogopa kuuliza, kwa sababu ungesema ndiyo."

Nasimiyu, nilichukua kile kitoroli nikakivuta mimi. Tulitembea mpaka shimo la nne, goti likakataa, nikakaa kwa benchi na ile spika mapajani. Wazee walikuwa bado hawajamaliza wimbi. Nikamwona Nekesa anashuka bonde na fimbo yake, anakuwa mdogo, na kila hatua mbili anageuka kuona kama bado niko. Alipopita mita kumi wazee wakaanza kukatikakatika, kisha wakanyamaza. Simu ilikuwa mfukoni mwake. Akageuka tena. Nikainua mkono.

Sasa jibu lako. Mwambie mwalimu aingie. Apewe chumba cha mbele na cha kulala, apige kile kitanda changu msumari, mguu mmoja unalegea. Lakini jikoni asiingie. Jikoni ufunge, na ufunguo ukae na wewe. Simwachii mtu ule mlango.

Na kitu kimoja unifanyie. Mwambie mke wa Wafula, huyo mkaza mwana wako wa simu kubwa, aje na wewe kwa mlango wako saa kumi na mbili, anase sauti yako amtumie Nekesa. Usiniimbie, usiniombee, usianze kueleza mambo ya harusi ya mtu. Uniite tu, vile unaitanga.

Nisalimie mume wako, umwambie kofia ya marehemu aliyoazima bado ni yangu. Nisalimie huyo mke wa Wafula, namwagiza kazi na hata sijamuuliza watoto wake wanaendeleaje. Nisalimie binamu yetu mshonaji wa pale Kanduyi, asikate kile kitambaa cha gauni yangu, hakuna kofia mtu anavalishwa. Mke wa pasta nitamwandikia mwenyewe, ama nitanyamaza.

Jumamosi nitakaa na spika kwa lile benchi la shimo la nne, na Nekesa ataniachia simu. Ukiita, nitajibu nimepika. Nitajibu na koo yangu yote, na huyo wa kofia nyeupe akikosa mpira, akose.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Nafula, Mama Nekesa

Ng'ombe, chumvi.