Mzee Anayekufa Kila Jumamosi

Maskati, 1969

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute na afya, na mguu uwe umepungua kuvimba. Najua umo edani, na kama kawaida atakusomea dada Zuwena. Zuwena, soma yote, usirukeruke.

Barua ya msiba imenifika Jumatano. Baba keshazikwa, keshasomewa hitima, na arubaini imepita, nami huku nilikuwa nacheka. Hilo ndilo linaloniuma, Mama.

Hapa kambi ya mafuta ninapopika, kila Jumamosi baada ya magharibi tunaoneshwa picha kwenye shuka ukutani. Jumamosi ya kabla ya barua ilikuja ya kauboi, na ndani yumo yule mwigizaji wetu mzee mwenye pua iliyopinda. Unakumbuka Baba alivyompenda? Miaka yote ile ya kukata tiketi mlangoni mwa sinema, staringi hakumshughulisha. "Staringi hata kipofu anamwona," akinambia. "Mtazame yule anofuta gilasi."

Na kweli. Mara mwuzaji wa baa, mara daktari mlevi, mara mwendesha gari la farasi. Maneno yake hayazidi kumi, lakini akishika gilasi tu unajua kama ana hofu au ana njaa. Akichechemea, kila picha huchechemea kivyake. Na mwisho lazima apigwe risasi. Mimi mtoto nikilia, Baba akinifuta machozi: "Usimlilie bure. Jumamosi utamwona."

Basi mzee alipoanguka, nikawaambia wenzangu maneno yale yale ya Baba, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe Baba yuko chini ya udongo.

Jana nimekwenda tena. Sikufuata starehe, Mama, usinifikirie vibaya. Mzee alikuwapo, mzima, juu ya gari la farasi, anacheka na meno yake mabovu. Nikaondoka kabla picha haijaisha. Nikajifungia jikoni nikalia, mpaka mpishi mkuu, Mbaluchi mmoja mwenye huruma, akaja akanishika bega.

Sasa nnakuuliza jambo moja. Siku niliyoondoka nilimpitia Baba mlangoni pale, watu wamejaa. Niliogopa kulia mbele yao, nikamdanganya kuwa nakwenda Pemba, Jumamosi nitarudi. Akasema, "Haya, Jumamosi," akaendelea kukata tiketi. Sikumwomba radhi. Na barua zangu zote umejibu wewe. Yeye hakutia neno lake hata moja.

Nisalimie shangazi aliyenilea, na mjomba muuza kahawa, na huyo Zuwena anayelia hapo badala ya kusoma.

Niambie kweli, Mama, hata kama ni chungu. Aliniachia radhi? Au kila Jumamosi alikuwa akitazama mlango?

Ni mimi mwanao, niliyesema nitarudi,
Nassor