Jicho la Mwisho wa Waya

Nyandira, 4 Februari 2024

Mpwa wangu Judith,
Habari za mjini? Huku wazima, njegere zimekubali. Ni mimi tu na macho. La kulia presha ya macho ilishaliua. Hili la kushoto daktari kasema nilitie dawa kila siku, nisiruke. Natia. Hivi kazi yako ya faiba ni kazi gani? Watu wakiniuliza nabaki natafuna maneno.
Mjomba wako, Mikaeli

Morogoro, 12 Februari 2024

Shikamoo mjomba. Mimi mzima.
Ukipiga simu, sauti yako tunaigeuza mwanga, unapita kwenye uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Mwishoni kuna kipokezi. Sisi mafundi tunakiita jicho. Ni dogo kuliko punje ya ulezi. Mwanga ukiligonga, chembe za umeme zilizotulia ndani yake zinaachia na kutembea. Mwanga ukiwaka na kuzima, umeme nao unafuata, mpaka sauti inarudi. Jicho likifa tunatoa, tunaweka jipya. Nusu saa tu!
Mpwa wako, Judith

Nyandira, 19 Mei 2024

Mpwa wangu,
U mzima? Anaandika mke wangu, Paskalia. Barua yako kanisomea mara tatu, nikalia kwa furaha. Dawa nimeacha siku ileile. Inawasha, na ya nini kuhangaika na bovu? Niwekee jicho moja, hata lililotumika. Sikuharakishi, najua una wateja. Ila tangu Pasaka naona mwanga tu, watu siwaoni.
Mjomba wako

Morogoro, 21 Mei 2024

Shikamoo mjomba,
Yesu na Maria! Lile jicho halioni. Linajua mwanga upo au haupo, basi. La mtu hatuna. Kwako kinachokufa ni mshipa wa kupeleka habari kichwani, na huo hakuna fundi anayeuunga. Nilikuwa najisifu tu, mjomba. Rudia dawa leo, Jumamosi nakuja tukupeleke hospitali. Nisamehe.
Judith wako

Nyandira, 30 Juni 2024

Mpwa wangu,
Tangu turudi kutoka hospitali hujaandika. Usijifiche, sina hasira. Nina huzuni tu, na haipungui.
Ulisema lile jicho lenu linajua mwanga upo au haupo. Ningeridhika nalo.
Leo nimemwuliza Paskalia kama kumekucha. Kumbe tulikuwa tunakula chakula cha mchana.
Mjomba wako