Mama, Kwako Mlevi Alitaja Watoto Wake Kwanza

Shikamoo mama,

Najua hakuna atakayeniitikia marahaba, lakini nimechoka, na sina mwingine wa kumwambia haya bila kuambiwa nivumilie. Mjukuu wako Anjela, yule uliyemwachia jina lako, amegongwa na bodaboda hapa Chiungutwa akitoka shule. Mguu umevunjika vibaya. Tuko hospitali ya Ndanda, yeye kitandani, mimi mkekani pembeni yake.

Alipofumbua macho baada ya kupasuliwa nilimwambia, "Nitajie ndugu zako, kuanzia mkubwa." Akawataja wote sawasawa. Nililia mama, mpaka akadhani amekosea.

Maneno hayo ni yako. Msimu wa mabibo nyumba yetu ilinuka uraka, pombe ya mabibo uliyouza, kuanzia uani hadi chumbani, na baiskeli za wateja ulizifunga pamoja kwa kamba moja kwenye nguzo ya jiko. Hakuna aliyefunguliwa yake bila kupita mbele yako mlangoni. "Baba Zainabu, nitajie watoto wako, kuanzia wa kwanza." Akiwachanganya, baiskeli inabaki na yeye anatandikiwa mkeka. Wengine walikutukana. Wengine walikaa wakijikumbusha majina huku kata ya uraka ikiwa bado mkononi, na wewe ukiwacheka. Mimi niliona aibu tupu. Nilitamani mama anayeuza maandazi.

Halafu kuna yule mzee aliyejifungulia baiskeli akakuponyoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kumgonga Mama Somoe kwa baiskeli na kumtegua mkono. Ulibeba kuku na unga ukaenda kwake. Baba akakuuliza kwa hasira, "Kwani wewe ndiye uliyemgonga?"

"Alinywea kwangu," ukamjibu, basi. Ukamlimia Mama Somoe shamba lake mpaka mkono ulipopona.

Aliyemgonga Anjela ni Baba Tekla, kijana wa bodaboda, aliyeshinda baa ya pale barabarani tangu asubuhi. Yeye alikuja hapa wodini akalia, akakiri. Kwake hasira zimeniishia. Mwenye baa ndiye hajakanyaga. Nilikwenda Masasi kwa mwanasheria, akaniambia njia ya kumdai ipo, ila ni ndefu, na nionyeshe kwamba alimwona mtu amelewa na bado akamuuzia. Nani angenisaidia kuonyesha hilo? Wahudumu wanaogopa kufukuzwa, na wanywaji wenzake wanasema hawakuona kitu.

Juzi tuliitwa ofisi ya kata. Mwenye baa alikuja amenyoosha shati lake. "Mimi nauza bia, simfungui mtu mdomo. Yule ni mtu mzima." Watu wakatikisa vichwa kumkubalia, hata majirani zangu. Nilichoka mama, nikainuka niondoke.

Akaona amepata wasikilizaji, akaendelea. "Tena alikuwa mchangamfu kabisa! Nilimuuliza mwanao hajambo, akasema Fausta hajambo. Fausta si mwanawe, ni dada yake mwenyewe, alishafariki! Tulicheka sana."

Nilikaa tena. Kwako huyo mtu angelala mkekani hadi asubuhi.

"Mlipomaliza kucheka?" nikamuuliza.

"Nikamwongezea. Si alikuwa na hela yake?"

Hapo hakuna aliyetikisa kichwa. Nami nikamuuliza jambo moja la mwisho, taratibu, maana nguvu za kupayuka sina tena: "Na huyu mtoto aliyegongwa, anaitwa nani?"

Akatazama viatu vyake. Hakuwa amegusa hata tone siku ile, mama, na bado hakuweza kutaja.

Mwanasheria amesema maneno yale yalisikiwa na wengi, yatasaidia. Kwa hiyo nitarudi Masasi, na nikiambiwa njoo kesho nitakwenda kesho, japo miguu haitaki. Sijui mahakama itasema nini. Mimi nataka asimame pale mbele ya watu aseme neno lako, "Alinywea kwangu," kisha ataje jina la mwanangu.

Nakuacha upumzike. Kamba yako ya baiskeli bado ninayo, naanikia nguo za Anjela. Sasa sioni aibu tena, mama. Natamani tu ungekuwa na mlango wako pale barabarani.

Mwanao uliyemlea kwa uraka,
Mama Anjela