Jina Lako Katika Orodha ya Jumapili

Mpendwa kaka,

Unakumbuka nilipolala na malaria kambini, nawe ukaitikia jina langu kwenye gwaride kwa sauti ya kubana pua? Afande alikutambua papo hapo. Ulichimba vyoo siku mbili, ukacheka siku zote mbili.

Hukurudi kutoka vitani, na mwili wako haukuonekana. Sisi saba tuliorudi tulipanga chumba mtaa wa Rwezamenyo, nyuma ya duka la fundi cherehani, tukakifanya klabu ya askari wa zamani. Kila mmoja alileta kiti chake kutoka nyumbani. Tulicheza igisoro, bao la kwetu, tukanywa chai ya tangawizi, wala vita hatukuvizungumzia. Kila Jumapili mchana mimi, katibu, nilisoma majina. Kanuni ilikuwa moja: aliyezikwa huondolewa katika orodha. Wewe hukuzikwa. Kwa hiyo nililisoma jina lako, kisha nikakuitikia mwenyewe: "Yupo!" Chai yako ilimiminwa kama ya wengine.

"Katibu, kaka yako ana maringo," Saidi alizoea kunitania. "Miaka yote hii, hata kikombe hajaosha!"

Saidi tulimzika, na wengine wanne baada yake. Tumebaki wawili, mimi na Yusufu.

Mwezi uliopita nilisoma jina lako, na kabla sijafungua kinywa nikasikia "Nipo!" kwa sauti ile ya kubana pua. Yusufu alikuwa akitafuna chapati, hakusikia kitu. Tangu hapo nimeisikia kila Jumapili.

Nilimweleza mkeo. Hakushangaa.

"Shemeji," alisema, "mnamwita kila wiki, ataondokaje? Hata eda mlinizuia nisikae, mkisema yupo. Niacheni nimlilie mume wangu."

Nilidhani ninakutunza, kumbe nilimnyima mkeo ujane wake, nikamwacha azeeke akisikiliza mlango.

Ijumaa hii, msikitini Nyamirambo, tutakuswalia sala ya maiti asiyekuwapo. Mkeo ameshatoa kitambaa cheupe cha eda sandukuni. Anasema amekihifadhi tangu tuliporudi bila wewe. Jumapili nitasoma majina mawili tu. Naogopa kwamba utaitika bila kuitwa. Naogopa zaidi kwamba hutaitika, nami nitabaki na Yusufu na viti vya watu.

Hata hivyo nitafanya hivyo. Pumzika, marehemu kaka yangu. Neno hilo sijapata kuliandika.

Mdogo wako