Harusi Tulifanya, Ndoa Hatukufunga

Mpendwa Bi Ackroyd, nakuomba unisaidie kabla sijapasuka, maana jambo hili nimelibeba tangu Januari, na sasa mke wangu naye amebeba lake la miezi saba, na nyumba yetu ni ndogo, haina nafasi ya watu wawili wenye mizigo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, natengeneza baiskeli huku bondeni, na mke wangu, nimwite Rowena maana jina lake halisi nikilitaja mtaa mzima utajua, ni kondakta wa treni ya kwenda Leeds na ni mtu wa orodha, kila kitu kipo kwenye friji kimeandikwa na kina kisanduku cha kuweka tiki. Mwaka jana Septemba tulifanya harusi kwenye shamba la mjomba wake, watu mia na arobaini, turubai likavuja, bendi ya matarumbeta ya rafiki yetu Fergus ikapiga hivyo hivyo na maji yakitoka kwenye matarumbeta, na mama mkwe wangu, Hilary, aliyekuwa ameapa kwamba hatakuja, akaja, tena akaja na utepe wa sufi alioufuma mwenyewe tufungwe nao mikono, akalia kushinda bendi. Kwa kuwa sisi si watu wa kanisa tulimtafuta mama mmoja mwendesha sherehe, anaongea vizuri mno, na huyo kwa sheria yetu ya hapa Uingereza hawezi kufungisha ndoa hata ya kuku, lakini sisi hatukujali kwa sababu la serikali tulikuwa tumeshalimaliza Agosti, au ndivyo tulivyodhani.

Maana Agosti tulikwenda ofisi ya usajili na pasi zetu za kusafiria, tukaingizwa mmoja mmoja, nikaulizwa Rowena kazaliwa lini na anafanya kazi gani, nikasaini, naye akasaini, tulipotoka akaniambia, "Haya mpenzi, la serikali limekwisha," tukanunua samaki na chipsi tukala ukutani pale nje, na jioni nikaweka tiki kwenye friji. Mwendesha sherehe alikuwa ameniandikia barua pepe ndefu ya kueleza nini ni nini, mimi nikaona ina vipicha vya mioyo mingi juu nikasema nitaisoma baadaye.

Januari nikapiga simu pale ofisini niombe nakala ya cheti, nataka pasi mpya yenye jina la ukoo la Rowena, na yule mama wa kwenye simu akasema, "Cheti gani, mpenzi? Nyinyi mlitoa taarifa tu kwamba mnakusudia kuoana. Siku yenyewe mnakuja lini?" Nikacheka kama mtu aliyeambiwa utani, nikamwambia nitampigia, nikakata.

Sikumwambia Rowena. Niliona aibu, Bi Ackroyd, ndiyo hali halisi, kwa sababu humu ndani mimi ndiye msahaulifu, nimewahi kusahau mbwa dukani, na nikapanga nimpe kama zawadi siku yake ya kuzaliwa Aprili, twende tukasaini, tucheke yaishe. Kumbe Machi Fergus, ambaye tulishakubaliana zamani kwamba atatuchangia mbegu za kiume, akapanda mlima kwa baiskeli kwenye mvua ya mawe, mbegu ndani ya chupa ya jemu, chupa ndani ya soksi ya sufi, soksi kifuani zisipoe, akagonga mlango akatukabidhi, akaenda kuwanywesha wenzake bia, na mara ya kwanza ile ile mimba ikashika. Rowena akasema, "Hata treni zetu haziwahi namna hii." Baada ya hapo tukawa kwenye kutapika na kununua kitanda, na zawadi yangu ikakaa, na ile taarifa yetu ikafa kwa kupitwa na mwaka.

Wiki jana Rowena kakaa na kijitabu alichopewa na mkunga, miguu juu ya mapaja yangu, akasema, "Sikia, sisi kwa kuwa tumeoana wewe unaandikwa moja kwa moja kwenye cheti cha mtoto, huhitaji kufanya lolote, Fergus anabaki mjomba wa tarumbeta," nami nikainuka nikaenda kujaza upepo tairi lililokuwa limejaa. Tulipokwenda kupima mimba kwa ultrasaundi muuguzi aliniuliza, "Na wewe ni nani?" nikasema mama, na nikajihisi mwizi. Sasa sipati raha, nawaza ikitokea lolote Rowena akiwa leba mimi nitakuwa nani kwa yule mtoto, ambaye kila asubuhi nikiweka mkono ananipiga teke. Nyumbani tuna cheti cha mwendesha sherehe, kina maandishi ya dhahabu, kiko kwenye fremu kwenye ngazi, na nimekuwa nikikitazama na kujiuliza, nikikipeleka kwa msajili siku ya kuandikisha, nani atajua?

Ni mimi,
Mke Hewa, bondeni

Ndugu yangu Mke Hewa,

Kwanza nilicheka, nikanywa chai, ndipo nikakasirika.

Fremu hiyo iache kwenye ngazi. Msajili atakuuliza mlifunga ndoa wapi na lini, na ukimdanganya kwa kujua ni kosa la jinai. Tena siku ya kwanza mtu akigundua, cheti cha mtoto kitabatilishwa, naye atakuwa amekua akiamini uongo wa mama yake. Hukupanda mlima wote huu ili uanze hivyo.

Sasa kaa chini nikueleze ulipo. Wewe ungeandikwa mzazi kama mngekuwa na ndoa ya kisheria siku ile soksi ilipofika, au kama mngepita kliniki yenye leseni mkasaini fomu kabla ya kupandikiza. Hamkufanya hili wala lile. Kwa hiyo mtoto akizaliwa, mama ni Rowena, na baba mbele ya sheria, usizimie, ni Fergus. Na kufunga ndoa leo hakuwezi kurudi nyuma mpaka Machi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa kuna tumbo lisilo na kosa lolote.

Lakini hujapotea, na naomba uniamini kwa hili, kwa sababu waliokutangulia kwenye kosa hili hili ni wengi na wako nyumbani wanabadilisha nepi.

Oaneni sasa hivi. Taarifa mpya, siku ishirini na nane za kungoja, mtakuwa mmemaliza kabla mtoto hajafika. Jina la Fergus lisiandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa. Mtoto akishazaliwa, wewe na Rowena mtasaini mkataba wa kukupa dhamana ya mzazi, mnaupeleka mahakamani kuandikishwa, na tangu hapo unaweza kumsainia hospitali na shule na popote, kama mzazi wa kambo mwenye haki zake. Najua neno kambo linakuuma. Ni la muda. Waarifuni halmashauri mapema kwamba unataka kumwasili mtoto, awe wako kisheria, na akishakaa nanyi miezi sita, peleka ombi mahakamani. Atakuja ofisa wa ustawi kuchungulia makabati yenu, mpe chai, mwache achungulie. Fergus ataulizwa na ataeleza anachotaka mwenyewe. Hukumu ikitoka, wewe ni mama moja kwa moja, hakuna wa kukuengua. Na wiki hii, si wiki ijayo, nendeni kwa wakili wa mambo ya familia, pamoja na mengine awaandikie karatasi ya Rowena kukuteua mlezi iwapo lolote litatokea leba. Mimi ni bibi wa gazeti tu, si wakili.

Hayo yote hata hivyo huwezi kuyafanya peke yako, na hapa ndipo ninapokugombeza. Unamwogopa mke wako kwa kusahau, na umemfanyia jambo baya kuliko kusahau. Miezi tisa umemwacha apange maisha ya mtoto juu ya kitu ambacho wewe peke yako ulijua hakipo. Mficha uchi hazai, na nyumba hii inataka kuzaa Desemba. Mwambie leo. Mwambie jinsi ulivyoniambia mimi, na tairi mwambie, na ile barua pepe yenye mioyo. Atakasirika, ana haki. Halafu atachukua kalamu, aende kwenye friji, aandike orodha, maana ndiye mtu uliyemwoa, au uliyekusudia kumwoa. Safari hii tiki aiweke yeye.

Siku ya ndoa mtahitaji mashahidi wawili. Wa kwanza ni Hilary, na utepe wake aje nao, hakuna sheria inayokataza. Wa pili ni Fergus. Mpe kalamu aandike jina lake pale, mahali pa shahidi, ndipo alipotaka kuwa tangu mwanzo.

Na yule muuguzi alipokuuliza wewe ni nani, ukasema mama, hukuiba kitu. Ulijibu sawasawa, ila karatasi zako ulikuwa umezisahau nyumbani. Nenda kazilete.

Bi Ackroyd