Saini ya Marehemu Faustine

Riverdale Park, Maryland

Kaka Deogratias,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na goti la wifi limeanza kuzikubali ngazi za kanisani. Mwilini sina ugonjwa. Mwanangu Jovita naye hajambo. Anakusalimu kwa Kiingereza, umsamehe.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo hili nikilisema kwa mdomo nitapiga kelele, na majirani wa hapa huita polisi. Mume wangu Faustine, ambaye wewe mwenyewe ulibeba jeneza lake Kamachumu mwaka juzi, amesaini karatasi Jumatano iliyopita. Saini nimeiona kwa macho yangu. Ni yake kabisa, na ule mkia wa herufi ya mwisho aliokuwa akiuvuta mpaka ukingoni.

Nianze mwanzo. Unajua nimeamua kuuza nyumba nirudi. Wanunuzi walipatikana upesi, mke na mume vijana, mke ni mjamzito na wanataka kuhamia kabla hajajifungua. Huku nyumba haiuzwi kwa kuandikiana mbele ya mjumbe. Unatafuta mwanasheria wa kuandaa hati, ahakikishe nyumba imetoka kwenye jina lako na kuingia kwa mwingine bila kasoro. Kumchagua huyo ndiyo kazi yenyewe. Na mimi ninayesoma hata maandishi ya kwenye boksi la dawa ya meno, mimi niliyeandika makala chungu nzima katika jarida la jumuiya yetu ya watu wa nyumbani walioko huku kuwasema watu wanaochagua viongozi kwa sababu tu ni wa kwao, sikuchagua. Nilimpelekea Mzee Ishengoma.

Mzee huyu ana duka la unga na dagaa hapa mtaani. Nyuma ya duka ana meza na muhuri wa kuthibitisha saini, na watu wetu wote humpelekea karatasi zao: pasi, kodi, fomu za shule. Si mwanasheria. Lakini ndiye aliyesimamia matanga huku, na mkewe alimpikia Jovita wiki tatu nilipokuwa kwenye msiba huko. Kumwendea mwingine kungekuwa kumtukana. Na mtu ambaye mkewe amemlisha mwanao, unamwuliza vipi kama ana leseni?

Basi Jumatano akaniita, akanimiminia chai, akanisogezea hati. Nafasi za kusaini zilikuwa mbili. Moja tupu. Nyingine imejazwa na kupigwa muhuri.

"Mwenzako tayari," akasema. "Umebaki wewe tu, shemeji."

Nilimwuliza amefanya nini. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayesubiri kushukuriwa, kwamba saini aliinakili kutoka kwenye fomu za kodi za zamani. Cheti cha kifo cha Bukoba, alisema, wakubwa wa huku wangekikagua miezi mitatu na wanunuzi wangekimbia.

"Faustine angekuwepo angekataa kusaini?"

"Hayupo, Mzee."

"Na wewe umemwambia nani kwamba hayupo? Barua za umeme, za bima, za benki, zote bado zinakuja kwa jina lake. Nilidhani ndivyo unavyotaka."

Kaka, ulizoea kunitania kwamba ningebishana na padri siku ya ubatizo wangu. Pale nilichukua ile karatasi nikatoka, chai nikaiacha.

Kesho yake nilikwenda Upper Marlboro, kwenye mahakama ya kaunti, ambako mawakili wamejaa. Safari hii niliuliza. Una leseni? Umewahi kumuuzia mjane? Unanitumikia mimi au mnunuzi? Wawili walinijibu huku wakiangalia simu. Wa tatu, mama Mmarekani mweusi wa rika langu, kabla ya kunijibu aliniuliza yeye: mume wako alifia wapi, na cheti kiko wapi? Hakusema hata pole. Nilitaka kukasirika, kisha nikagundua kwamba huku hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa kuwa watu wetu wote wanajua.

Aliisoma karatasi ya Mzee akaisukuma kando kwa ncha ya kalamu. Alisema ningeweka jina langu pale, kosa la jinai lingekuwa letu sote wawili, na mauzo yangebatilika. Lililonimaliza ni hili: saini ile haikuhitajika. Nyumba ya mke na mume hapa, mmoja akifa inabaki kwa mwenzake. Kinachotakiwa ni cheti cha kifo, basi. Mzee amevunja dirisha la nyumba isiyofungwa!

Nimemwambia yeye mwenyewe aurudishe muhuri kwa serikali iliyompa na aache kazi za hati, na kwamba Jumapili nitalisema kwenye kikao cha jumuiya, kwani nani ajuaye amewasainia wangapi. Watanichukia. Mkewe huniletea maharage kila Ijumaa. Jana hakupita.

Sasa ninachokuomba. Cheti kiko kwako. Unakumbuka pale uwanja wa ndege ulinipa bahasha nikakurudishia, nikasema begi limejaa? Halikuwa limejaa. Nitumie hicho, pamoja na nakala iliyothibitishwa na ofisi ya wilaya, kwa mtu anayesafiri au kwa njia ya haraka. Wanunuzi wamekubali kusubiri mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi.

Nisalimie wifi, mama mdogo anayekaa nanyi, na katekista aliyetuongozea rozari. Mama mkwe kule Kamachumu msalimie sana, ila habari ya saini usimwambie. Atauliza mwanawe aliandika nini.

Watu wa umeme nimeshawapigia. Barua yao ijayo itakuja kwa jina langu.

Mdogo wako,
Eustella, mjane wa Faustine