Kitufe Kimoja Kwenye Posa ya Suhaila

Shoga, uko hewani? Nimekimbilia uani kwa Tabia, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Leo posa ya mwanawe Suhaila. Wakwe wa Pemba wamejaa sebuleni. Tabia kawaambia nyumba hii ni kasida tu, kawasha kile kidude cha muziki alicholetewa na mwanawe Aslam, kimeungwa kwenye spika.

Kina kitufe kimoja shoga. KIMOJA. Kuwasha hicho, kuzima hicho, kuruka wimbo hicho hicho. Kazi zote zake, kama mke mpya ukweni. Redio kaseti yake ilikuwa na vitufe sita na hakukosea hata siku moja.

Akataka kukizima wageni waongee. Ikatoka taarabu ya kumsema mke mwenza. Akabonyeza tena, ikaja nyingine, kali zaidi. Suhaila kajifunika mtandio uso mzima.

Mwisho kasida ikarudi. Shangazi wa bwana harusi akaweka kikombe chini.

"Bi Tabia, ule wimbo wa mke mwenza mbona umeukata? Urudishe kwanza, ndiyo tuzungumze."

Tangu hapo anabonyeza, zinatoka kasida tupu.

Wewe unacho kama hicho. Kurudi nyuma unabonyeza mara ngapi? Jibu upesi, mtoto asije akakosa mume.